Kambi ya sanaa Songo Mnara: siku za chokaa na matumbawe

Jumapili. Mtwara hadi Kilwa Masoko

Basi liliondoka Mtwara kabla ya adhana ya alfajiri. Mizigo yangu haikuwa mingi: karatasi nzito nilizozifunga kwenye nailoni zisilowe, penseli, mkaa wa kuchorea, patasi kadhaa, na mfuko wa korosho kwa ajili ya wenyeji watakaotupokea. Mnazi Mmoja ya Mingoyo abiria wa Masasi walishuka kungojea gari lao. Lindi mjini tukapata chai na vitumbua, halafu Mchinga, Kiranjeranje, mpaka Nangurukuru. Pale wanaokwenda Dar es Salaam wanaendelea na safari yao, sisi wa Masoko tukahamia hiace.

Mwaliko wenyewe ulikuwa wa mistari michache. Wasanii watatu wakae kijijini Songo Mnara, kisiwa cha huko Kilwa chenye magofu ya mji wa kale, kila mmoja afanye kazi anayoitaka, na kabla ya kuondoka aache kitu kitakachobaki kwa wanakijiji. Malazi na chakula ni vya kijijini, umeme ni wa sola, mtandao wa kubahatisha. Nilikubali siku ileile.

Sababu nitaieleza mapema ili msomaji ajue nilikuwa natafuta nini kule. Nimekulia chini ya mwembe ambako babu yangu alichonga mpingo tangu jua linachomoza. Nikisema mimi ni msanii kutoka Mtwara, swali la kwanza huwa ni vinyago. Na watu wana haki ya kuuliza, kwa sababu uchongaji wa Wamakonde ndio ulioitangaza Kusini duniani, na George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, alianza na kuchonga kabla michoro yake haijaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Lakini Kusini hii hii ina sanaa nyingine, ya jiwe la tumbawe na chokaa, yenye umri wa karne nyingi, na sijawahi kukutana na kijana wa rika langu aliyesomea sanaa akafundishwa kupiga lipu ya chokaa. Tumefundishwa rangi za mafuta na majina ya wachoraji wa Ulaya. Kuta za pwani yetu tunaambiwa ni somo la historia, twende tukapige picha turudi. Jambo hili linaniuma kwa muda mrefu sasa.

Jumatatu. Kilwa Kisiwani

Vibali tulivishughulikia asubuhi pale Masoko. Kwa kuwa boti ya Songo Mnara ilikuwa ya kesho yake, tulivuka Kisiwani tukaitumia siku. Wenzangu ni dada mfinyanzi kutoka Newala, aliyefundishwa vyungu na mama yake, na kaka mpiga picha wa Dar es Salaam ambaye huku Kusini ni mara yake ya kwanza.

Wageni wengi wakifika Kisiwani hukimbilia Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Ni mahali pa fahari kwelikweli. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo, akausifu mji. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipita hapa, sarafu za shaba zilifuliwa hapa, na mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji wakaupora. Hayo yote msimamizi wa magofu aliyatueleza vizuri, na sina la kuongeza.

Mimi moyo wangu ulibaki kwenye Msikiti Mdogo wa kuba, wa karne ya 15. Ni mdogo hasa, ukilinganisha na Msikiti Mkuu ulio jirani. Nilikaa sakafuni nikatazama juu. Kwenye dari za kuba mafundi walipachika mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo, mengine yamebanduka zamani na kuacha mashimo ya mviringo kwenye lipu. Fikiria uamuzi ule. Bakuli la kulia chakula, la bei, limesafiri bahari nzima kwa merikebu, halafu fundi wa Kilwa anasema hapana, hili halikai mezani, hili linakwenda juu ya vichwa vya wanaoswali. Huyo ni msanii. Jina lake halikuandikwa popote, lakini jicho lake bado linaonekana.

Jumanne. Kuvuka

Kusi lilikuwa linavuma vizuri. Mashua ya injini, nahodha mtu mzima tuliyemwita Baba, na kijana wake wa kutoa maji. Tuliiacha Kisiwani nyuma, tukapita karibu na Sanje ya Kati, kisiwa kingine chenye magofu yake ambacho hakuna anayekizungumzia, halafu mikoko ikaanza kuziba upeo wa macho pande zote.

Maji yalikuwa yamekupwa tulipofika. Mashua haikuweza kusogea, ikabidi tushuke mbali, suruali mpaka juu ya magoti, vitu kichwani, tukatembea kwenye matope baina ya mikoko. Dada wa Newala alikuwa amebeba udongo wake wa kufinyangia kwenye kiroba, na hakukubali mtu mwingine aushike.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Karibuni. Mmetuletea bahari shwari."

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea, akatupeleka kwa bibi ambaye ndiye mwenyeji wetu. Bibi aliponiuliza nimetoka wapi na nikamjibu Mtwara, akapokea korosho kwa mikono miwili, akasema, "Basi hujasafiri wewe, mwanangu. Umehama chumba tu."

Usiku tulikula wali wa nazi na pweza. Maji ya kisima yana chumvichumvi, chai inahitaji sukari ya ziada.

Jumatano. Magofuni

Nilikwenda peke yangu na msimamizi, wenzangu wakabaki kupanga vyombo vyao.

Mji wa mawe wa Songo Mnara ulijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 16 wakazi wake walikuwa wameuhama. Kwa hiyo uliishi muda mfupi, na hakuna mji mwingine uliojengwa juu yake. Hii ni bahati kwa mtu anayetaka kusoma kazi ya mafundi. Kuna misikiti 5, kasri, na nyumba 33 hivi za mawe ndani ya ukuta wa mji. Watafiti waliochimba hapa kuanzia mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher pamoja na wenzao Watanzania, waligundua pia nyumba za miti na udongo katikati ya zile za mawe. Nilifurahi kulijua hilo. Mji haukuwa wa matajiri peke yao.

Nitaieleza nyumba moja tu, kwa sababu niliingia nyingi lakini hii ndiyo niliyokaa nayo mpaka jua likawa la utosi. Unaingia mlangoni, unateremka ngazi mpaka kwenye ua ulio chini kuliko vyumba. Kisha unapanda tena ngazi pana, zinazotosha watu kukaa na kuzungumza, unaingia sebule ndefu. Nyuma yake kuna vyumba vya ndani, kimoja baada ya kingine, na kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Vyote ni virefu na vyembamba. Nilipima upana kwa hatua, na kila chumba nikapata karibu kipimo kilekile. Sababu yake iko kule tulikoshukia jana, kwenye mikoko. Dari zilikuwa za mawe na chokaa nzito, zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi ikiwa na mzigo ule. Mti ndio uliomwambia mjenzi chumba kiwe na upana gani. Babu alikuwa akisema gogo likija kwake tayari limeshaamua nusu ya kinyago. Nilimkumbuka.

Kwenye fremu za milango mawe yamekatwa kwa ustadi, pembe zimenyooka mpaka leo, na sehemu nyingine zina nakshi ya mistari mifupi iliyolazwa huku na huku, inayokutana katikati na kufanya mgongo. Jiwe hili la nakshi ni tofauti na la ukutani. La ukutani ni tumbawe la kale lililochimbwa ardhini, gumu, la kupanga na kumiminia chokaa. La nakshi lilitolewa baharini likiwa bichi. Likitoka majini ni laini, patasi inaingia. Likikaa hewani linakuwa gumu. Fundi alikuwa na muda wake, akichelewa jiwe linamkatalia.

Nimezoea mpingo, ambao ni mgumu tangu siku ya kwanza na unakusubiri mwaka mzima bila kubadilika. Sikuwahi kufikiria sanaa ya kuchonga ambayo inashindana na saa.

Alhamisi mpaka Jumamosi

Siku za kuchora tu. Asubuhi magofuni, jioni barazani kwa bibi. Kugusa kuta kwa karatasi au kuzisugua hairuhusiwi na mimi mwenyewe nisingetaka, kwa hiyo kila kitu ni kwa macho na penseli. Kipande kimoja cha nakshi ya mlangoni, cha ukubwa wa kiganja, kilinichukua asubuhi nzima kwa sababu nilitaka kuona kila mstari ulianzia wapi. Nikagundua kwamba mistari haiko sawa. Upande wa kushoto imelala zaidi, upande wa kulia imesimama zaidi, na katikati fundi amebana nafasi ili mwisho ufike kwenye pembe. Alikuwa anakadiria huku anakwenda. Ukitazama kwa mbali huoni hata kidogo.

Makaburini sikuchora. Watafiti walikuta kokoto nyeupe na sarafu zimewekwa kandokando ya makaburi, ishara kwamba watu walikuwa wakirudi kuwakumbuka wafu wao. Nilisoma Fatiha pamoja na msimamizi tukatoka.

Jioni ya Ijumaa bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi anasuka ukili, ule mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Nilikuwa nimetandaza michoro ili ikauke unyevu, akanyoosha shingo akauliza, "Hii umeichora kwangu?" Nikamwambia hapana bibi, ni mlango wa kule kwenye magofu. Akaguna. Akachukua ukili alioanza kuusuka, wa ukindu mweupe na mwingine uliotiwa rangi, akauweka juu ya karatasi, kando ya mchoro. Mistari mifupi, imelazwa huku na huku, inakutana na kufanya mgongo. Hakusema zaidi, akaendelea na kazi yake.

Sitadai kwamba fundi wa jiwe aliiga ukili, wala kwamba ukili uliiga jiwe. Ninachojua ni kwamba vidole vya bibi vinaufahamu mchoro ule kuliko macho yangu yaliyoutazama asubuhi nzima. Nikamwomba anifundishe. Alinipa ukindu mbovu wa kujifunzia, na mpaka isha nilikuwa nimepata urefu wa kidole tu. Yeye kwa muda huo alikuwa amemaliza pima nzima huku anaongea na majirani.

Jumapili

Upepo mkali, mashua hazikutoka. Dada mfinyanzi amechanganya udongo wake na wa hapa kujaribu kama utashika. Mpiga picha amelala.

Jumatatu. Kwa Fundi

Hii ndiyo siku niliyoifuata.

Kijijini kuna mzee ambaye kila mtu humwita Fundi. Alipokuwa na nguvu zaidi alifanya kazi kwenye ukarabati wa kuta za magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zinaporomoka na bahari inakula ufuko, na zikaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuzihami. Ukisoma habari hizo utaona majina ya mashirika na wafadhili. Mikono iliyochanganya chokaa ilikuwa ya watu kama Fundi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ananoa panga.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mchoraji wa Mtwara? Nimeambiwa unataka kushika chokaa. Vaa nguo ya kazi, hiyo itaungua."

Alinionyesha kwanza pale tanuu linapopangwa. Imebaki duara nyeusi ardhini. Magogo yanalazwa kwa mpangilio wa duara, yanapandishwa mpaka kifuani, juu yake yanawekwa mawe ya tumbawe yaliyochimbwa ardhini, na katikati kunaachwa tundu la kuwashia. Moto ukishika unaachwa mpaka siku inayofuata. Yakipoa, mawe yamekuwa meupe na mepesi mkononi. Ukiyamwagia maji yanachemka, yanapasuka na kuwa unga. Huko ndiko kuizima chokaa. Fundi anapenda kuchoma mwishoni mwa kaskazi ili masika ifanye kazi ya kuzima polepole yenyewe. Matumbawe ya baharini hayatumii. Nilimuuliza, akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama anachoma nyumba ya jirani. Samaki wanazaliana mle, akasema, na vijana wake ni wavuvi.

Chokaa aliyokuwa nayo ilizimwa tangu masika iliyopita. Iko kwenye shimo, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa. Alifunua pembe moja, akazamisha mwiko akautoa. Chokaa iliyokaa shimoni muda mrefu haifanani na ile ya dukani. Ni nzito, laini, inang'aa, inateleza kwenye mwiko kama mtindi mzito. Harufu yake ni ya mvua kwenye ukuta wa zamani. Nilitia kidole, Fundi akanipiga mkono kwa upole, akanipa mafuta ya nazi nijipake kwanza.

Nilimuuliza kwa nini tusitumie saruji, ambayo inapatikana Masoko na inakauka siku hiyohiyo. Swali hili nilijua jibu lake kwa kusoma, lakini nilitaka kulisikia kwake. Akanipeleka kwenye nyumba moja ya mawe ya zamani ambayo mwenye nyumba aliikandika kwa saruji miaka ya nyuma. Akabonyeza lipu kwa kidole gumba. Ikalia tupu. Akabandua kipande, nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga.

"Saruji inafunga," akasema. "Maji na chumvi vikishaingia ukutani havina pa kutokea. Jiwe linakwisha kwa ndani, na wewe kwa nje unaona ukuta mzuri. Chokaa inapumua. Maji yanaingia, yanatoka."

Kisha akanipa mwiko, mchanga uliooshwa chumvi mara tatu, akaniachia ukuta wa banda la mbuzi nijifunzie.

Jumanne mpaka Alhamisi. Ukuta wa mbuzi

Nilipiga lipu, nikabandua, nikapiga tena. Fundi hasahihishi kwa maneno mengi. Akipita anaupiga mchanganyiko wa chokaa kwa mwiko, sauti ikiwa ya maji anaongeza mchanga, ikiwa ya mchanga anaongeza chokaa. Tabaka la kwanza ni la mchanga mwingi, linakwaruzwa ili la pili lishike. La pili ni jembamba na chokaa yake ni nyingi. Ukuta unaloweshwa kabla, unaloweshwa baada, na kusi likivuma unafunikwa magunia, kwa sababu chokaa ikikaushwa na upepo inapasuka nyufa nyembamba na hairudi tena. Inatakiwa ikomae yenyewe taratibu, ikivuta hewa, na kukomaa huko huchukua majuma na miezi.

Siku ya Jumatano nilipata nilichokuwa nakitafuta. Tabaka la pili lilikuwa limekaa tangu asubuhi. Nilibonyeza kwa ukucha: alama ikabaki, lakini ukucha ukatoka msafi. Nikachukua patasi nyembamba nikaichora ile mistari ya mlangoni. Chokaa ilikatika safi, kingo kali, bila kumeguka. Nikachonga kwa haraka, jasho linanitoka, mbuzi wananitazama. Kabla ya alasiri patasi ikaanza kurusha vumbi badala ya kukata, nikajua mlango umefungwa. Nilichopata ni kipande cha shubiri mbili. Lakini ndani ya saa zile nilimwelewa yule fundi aliyebana mistari ya mwisho ili ifike kwenye pembe. Alikuwa anaona jiwe linaanza kukauka.

Fundi alikuja, akatazama, akapitisha kiganja. "Sasa unaweza kuomba ukuta wa watu," akasema.

Ijumaa. Kikao

Baada ya sala ya Ijumaa wazee walikaa nasi barazani kujadili nini kitabaki. Mpiga picha alikuwa na jambo lake tayari: atasafisha picha za wazee wote aliowapiga na kila mmoja apelekewe yake kwake, hakuna itakayotundikwa hadharani bila ruhusa. Wakafurahi. Dada wa Newala aliahidi mitungi ya maji kwa ajili ya madrasa, akaomba wanawake wawili wa kijijini wafinyange pamoja naye ili akiondoka mkono ubaki. Udongo wa mchanganyiko ulikuwa umeshika.

Mimi niliomba ukuta. Wakanipa ukuta wa nje wa madrasa, upande wa mlango, kwa sharti moja. Mzee mmoja alilisema kwa heshima: "Picha za viumbe hapana, mwanangu. Pale watoto wanasoma."

Nilikubali palepale, ila nikiri usiku ule sikulala mapema. Mkono wangu umefundishwa na watu wa nyuso. Babu aliweza kuchonga ukoo mzima umepandana kwenye gogo moja, na kila uso una hasira au kicheko chake. Sanaa isiyo na uso nilikuwa naiona kama mapambo, kitu cha pembeni. Nikauwasha mshumaa nikaitazama tena michoro yangu ya magofuni, nikaona kwamba kwa majuma haya yote sikuwa nimechora uso hata mmoja, na sikuwa nimeuhisi upungufu. Milango ile ina sauti yake. Ina mahali inapoharakisha na mahali inapotulia. Kama mtu anajua kusikiliza, amemwona aliyeichonga.

Asubuhi nilimwendea bibi nikamwomba mchoro wa ukili wake uwe katikati ya ukuta, na ule wa mlangoni uuzunguke. Akauliza kama jina lake litaandikwa. Nikamwambia akitaka litaandikwa. Akafikiri, akasema hapana, lakini watoto waambiwe.

Jumamosi mpaka Jumatatu. Ukuta wa madrasa

Tulifanya kazi wanne: Fundi, mimi na vijana wawili ambao Fundi aliwachagua mwenyewe, mmoja mvuvi na mwingine mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne. Tuligawa ukuta vipande, kila kipande kipigwe lipu ya pili kwa saa yake, ili tusizidiwe. Bibi alikaa kwenye kigoda na ukili mkononi, kila tulipokosea zamu ya mstari alikohoa.

Sehemu ya katikati ndiyo iliyotutoa jasho. Ukili unapita juu na chini, na kwenye chokaa hakuna juu na chini, kuna kina tu. Ilibidi kila mstari uchongwe kwa mteremko: upande mmoja kina, upande mwingine karibu usawa na ukuta, ili jua likipiga, upande wa chini uingie kivulini na wa juu utoke. Yule kijana mvuvi alilishika hilo upesi kuliko sisi wote. Alisema ni sawa na kukata ubavu wa ngalawa, unaondoa mbao kidogokidogo huku unatazama mwanga. Nilimwachia patasi yangu bora, na vipande vyote vya upande wa mashariki ni vyake.

Rangi tuliweka mahali pamoja tu. Magome ya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, yaliyokuwa yamechemshwa kwa ajili ya kutia rangi ukindu, bibi alitupa maji yake yaliyobaki, nasi tukayapaka kwenye mistari ya kina kabla chokaa haijakauka. Ikawa wekundu wa kahawia, hafifu. Fundi hakuipenda mwanzoni. Jumatatu jioni alirudi akaitazama jua linazama, akasema iachwe.

Jumanne. Kuondoka

Walimu wa madrasa wamepanga zamu za watoto kuulowesha ukuta asubuhi na jioni na kurudisha magunia. Nimewaonyesha jinsi ya kunyunyiza kwa mkono badala ya kumwagia kwa ndoo. Kuna binti mmoja mdogo ambaye amejitwalia usimamizi na anawafukuza wote wanaotaka kupitisha vidole.

Nahodha alitutaka tutoke na maji kujaa, kabla ya adhuhuri. Fundi alinisindikiza mpaka kwenye mikoko, na njia nzima tulizungumza kazi. Anataka kupanga tanuu jingine kaskazi ijayo. Magogo yatatoka kwenye minazi na miembe iliyokufa, mikoko haiguswi. Wale vijana wawili watachimba mawe. Chokaa itazimwa na masika, na ifikapo kusi itakuwa tayari kwa ukuta wa kaskazini wa madrasa, ambao ni mkubwa mara mbili ya huu. Anachohitaji ni wachongaji, kwa sababu mkono wake umeanza kutetemeka na saa za chokaa hazimsubiri tena.

Tulipokaribia Masoko mtandao ukarudi. Nilimwandikia binamu yangu, mchongaji wa mpingo pale Mtwara, nikamtumia picha ya ukuta na kumweleza mpango wa mwakani. Hakuuliza malipo wala malazi. Ameuliza chokaa inakatwa kwa patasi ya upana gani. Nimemjibu alete nyembamba kuliko zote alizonazo, na magunia.